Mwanao anaendesha fiksi? Anza kukagua pedeli zake

Chukulia mfano wa mama anayemnunulia mwanawe wa miaka 15 baiskeli ya mtumba baada ya kufaulu mtihani. Kijana ameichagua mwenyewe. Ni nyembamba, nyepesi, haina giya za kubadilisha, na kwenye kila pedeli kuna mkanda mpana wa kushika mguu. Mama anaitazama ile mikanda na kushtuka. Mtoto akianguka atajinasuaje? Kijana anapoingia kuoga, mama anachukua mkasi na kuikata yote miwili.

Siku mbili baadaye kijana anarudi nyumbani akichechemea, muundi umechanika na soksi imelowa damu. Hakugongwa na gari wala bodaboda. Alikuwa anashuka mteremko, mguu ukateleza, na pedeli haikusimama kumsubiri. Iliendelea kuzunguka na kumpiga mguuni kabla hajapata pa kukanyaga.

Hofu ya mama huyo ni ya kila mzazi, na ina msingi. Lakini baiskeli aliyomnunulia mwanawe si kama ile aliyojifunzia yeye utotoni. Katika baiskeli ya aina hii, ambayo vijana huiita fiksi, pedeli ni sehemu ya breki. Mzazi asiyelijua hilo anaweza kuondoa kinga akidhani anaondoa hatari, au akamwachia mtoto hatari akidhani ni mapambo.

Fiksi ni baiskeli gani?

Katika baiskeli ya kawaida, gurudumu la nyuma lina friwili. Ukiacha kunyonga, miguu inatulia na baiskeli inaendelea kuserereka. Ule mlio wa ‘tiktiktik’ unaosikika mtu anaposhuka mlima bila kunyonga ndio wa friwili.

Fiksi haina friwili. Gia ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye gurudumu, hivyo gurudumu likizunguka pedeli nazo lazima zizunguke. Ukinyonga mbele, baiskeli inakwenda mbele. Ukikaza miguu kinyumenyume, inapunguza mwendo. Hakuna nafasi ya kupumzisha miguu hadi baiskeli isimame.

Baiskeli za namna hii si jambo jipya. Kabla friwili haijaenea, waendeshaji wote walinyonga hivyo. Hadi leo ndizo zinazotumika katika mashindano ya uwanja maalumu wa duara, yakiwamo ya keirin yaliyoanzishwa Japani mwaka 1948. Huko hazina breki kabisa, lakini uwanjani hakuna bodaboda, daladala wala mtoto anayevuka barabara akifuata mpira.

Zilipoingia mitaani, vijana walizipendea wepesi wake, uchache wa vipuri vya kuharibika, na ile michezo ya kuburuza tairi la nyuma. Hapo ndipo suala la pedeli linapoanza kuwa la afya.

Miguu inapokimbizwa

Hesabu ndogo inatosha kueleza tatizo. Fiksi yenye meno 44 mbele na 16 nyuma husogea karibu mita 5.8 kwa kila mzunguko mmoja wa pedeli. Kwenye barabara tambarare, kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, miguu huzunguka kama mara 72 kwa dakika. Huo ni mwendo ambao kijana mwenye afya anaumudu.

Mteremkoni mambo hubadilika. Baiskeli ikifika kilomita 40 kwa saa, miguu inalazimika kuzunguka karibu mara mbili kwa kila sekunde. Anayeanza hajazoea kasi hiyo. Makalio yanaanza kurukaruka kwenye kiti, unyayo unapoteza mshiko, na mguu ukishatoka ni vigumu kuurudisha kwa sababu pedeli inapita kama panga boi.

Kuna na jambo la pili. Ili kupunguza mwendo kwa miguu, mwendeshaji husukuma chini mguu wa nyuma unapotaka kupanda, na wakati huohuo huvuta juu mguu wa mbele. Kuvuta juu hakuwezekani kama mguu umekaa tu juu ya pedeli bila kushikwa na kitu. Anayetumia pedeli tupu amebakiwa na nusu ya nguvu hiyo.

Ndiyo maana ile mikanda ipo. Swali la mzazi basi si kama mguu ushikwe au uachwe. Ni ushikwe na nini, kwa kiasi gani na kuanzia lini.

Aina nne za pedeli

Ya kwanza ni pedeli ya raba au plastiki laini, kama zile za baiskeli za mizigo. Ni nafuu na hupatikana kila mahali, lakini zikilowa maji huteleza, na nyingi hazina matundu ya kupitishia mkanda. Kwa fiksi hazifai.

Ya pili ni pedeli bapa na pana yenye vijino vidogo vinavyouma soli ya kiatu. Vijino vinaweza kuwa vya plastiki ngumu au vya chuma. Hii ndiyo bora kwa siku za mwanzo, kwa sababu mguu unashikwa vizuri lakini unaweza kutoka wakati wowote. Kwa mtoto, vijino vya plastiki vinatosha. Vya chuma vinashika zaidi, ila mguu ukiteleza vinachana ngozi vibaya.

Ya tatu ni pedeli bapa iliyofungwa mkanda mpana wa kitambaa kigumu unaopita juu ya kiatu na kubanwa kwa velkro. Mkanda huu haumfungi mtu kama wengi wanavyodhani. Mguu huingia kwa kusukumwa mbele na hutoka kwa kurudishwa nyuma, kama mtu anavyovua ndala. Anayeujua vizuri hutoa mguu bila hata kufikiri.

Katika kundi hili pia kuna mtindo wa zamani wa kikapu kidogo cha chuma mbele ya pedeli, chenye mkanda mwembamba wa ngozi. Wachezaji wa keirin bado wanautumia. Lakini mkanda ule ukikazwa haulegei mpaka mtu ainame aulegeze kwa mkono. Huo ni mtego kwa mtoto aliye kwenye foleni ya magari.

Ya nne ni pedeli inayonasa kibati kilichofungwa chini ya kiatu maalumu. Ilipata umaarufu mkubwa baada ya Mfaransa Bernard Hinault kushinda Tour de France mwaka 1985 akiwa na pedeli za aina hiyo za kampuni ya Look. Inashika mguu kuliko zote, na hutoka kwa kuzungusha kisigino kuelekea nje. Anayeanza husahau kuzungusha kisigino pale anapohitaji zaidi, yaani anaposimama ghafla, na huanguka ubavu. Tena zinahitaji viatu vyake, ambavyo mguu wa mtoto anayekua utavikataa baada ya miezi michache. Kwa mwanafunzi wa fiksi, hizi zisubiri.

Hatua kwa hatua, si siku moja

Kwa hiyo anayeanza aanze na pedeli bapa zenye vijino, ambazo pia zina matundu ya kupitishia mkanda. Hapo mzazi ananunua pedeli mara moja, na mikanda itaongezwa baadaye.

Wiki za mwanzo mtoto afanyie mazoezi kwenye uwanja wa mpira au eneo la wazi lisilo na magari, ardhi ikiwa tambarare. Hapo atajifunza kitu kimoja tu, kwamba miguu haipumziki. Aliyezoea baiskeli ya kawaida atajisahau na kujaribu kusimamisha miguu, na pedeli itamnyanyua kwenye kiti. Afadhali hilo limpate uwanjani kuliko kwenye makutano ya barabara.

Fiksi nyingi za mitaani zina gurudumu la nyuma lenye pande mbili, upande mmoja gia iliyofungwa na upande wa pili friwili. Fundi analigeuza gurudumu kwa dakika chache. Mzazi anayepata baiskeli ya namna hiyo anaweza kumwanzisha mtoto upande wa friwili, akiwa na breki zote mbili, hadi aizoee baiskeli yenyewe.

Akishaweza kuanza, kupunguza mwendo na kusimama bila kutazama miguu yake, ndipo mikanda ifungwe. Mazoezi ya kwanza ya mkanda yafanyike baiskeli ikiwa imesimama, mtoto akijishikiza ukutani. Aingize mguu, atoe, aingize, atoe, mguu mmoja kisha mwingine, mpaka iwe kama kuvaa na kuvua ndala.

Kinachowashinda wengi ni mguu wa pili. Pedeli yenye mkanda huelekea kugeuka chini juu ikiwa haijakanyagwa, hivyo mwendeshaji anapoanza safari lazima aigeuze kwa ncha ya kiatu huku inazunguka. Anayeanza huinamisha kichwa kuitafuta na kuacha kutazama barabara. Afundishwe kunyonga polepole mizunguko kadhaa akikanyaga mgongo wa pedeli, kisha aigeuze akiwa anatazama mbele.

Mkanda ukazwe kiasi gani? Sehemu pana ya unyayo, ile iliyo nyuma ya vidole, ikae juu ya mhimili wa pedeli. Mguu ukivutwa juu, usiachane na pedeli. Ukirudishwa nyuma, utoke bila kuvutana. Usipotoka kirahisi, umekazwa mno.

Mambo ya kukagua dukani

Mzazi anayekwenda Kariakoo au kwa fundi wa mtaani kununua pedeli asiangalie rangi tu. Kuna mambo matano ya kukagua.

Unene wa msumari wake. Pedeli nyingi za baiskeli kubwa zina msumari wa inchi 9/16, lakini baadhi ya baiskeli za watoto na zile zenye krenki ya kipande kimoja hutumia wa nusu inchi. Njia rahisi ni kwenda dukani na pedeli ya zamani na kulinganisha.

Kulia na kushoto. Pedeli ya kulia huandikwa R na ya kushoto L, na hazibadilishani. Ya kulia hukazwa kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, ya kushoto kinyume chake. Fundi asiye makini akilazimisha, anakula nyuzi za krenki. Pedeli iliyokazwa kwenye nyuzi zilizolika inaweza kuchomoka njiani.

Beringi. Shika pedeli kwa mkono uitikise. Ikicheza huku na huku, iache. Izungushe, isipozunguka vizuri au ikikwaruza, iache pia.

Upana. Kwenye fiksi huwezi kuinua mguu wa ndani na kuutuliza unapokata kona, kwa sababu miguu inaendelea kuzunguka. Pedeli pana na nene ikigusa lami wakati baiskeli imeinama, humwangusha mtu. Chagua iliyo nyembamba, na isizidi sana upana wa kiatu cha mtoto.

Umbali wa mguu na tairi la mbele. Mtoto akiwa ameketi, mguu ukiwa kwenye pedeli iliyo mbele, mwambie ageuze usukani. Kwenye baiskeli ndogo, ncha ya kiatu inaweza kugusa tairi. Kwa mwendo wa polepole, kama vile kugeuza baiskeli uchochoroni, hilo humwangusha mwendeshaji. Kikapu cha mbele huongeza tatizo, mkanda mpana hauongezi sana.

Viatu navyo ni sehemu ya pedeli. Raba yenye soli bapa na ngumu kiasi ndiyo inayofaa. Ndala, yeboyebo na viatu vya soli laini ya kuteleza vibaki nyumbani. Kamba za viatu zifungwe fupi na kuchomekwa ndani. Kwa wasichana na yeyote anayevaa nguo ndefu, sketi au suruali pana ibanwe vizuri, maana mnyororo wa fiksi ukinasa nguo hausimami mpaka baiskeli yenyewe isimame.

Pedeli nzuri haichukui nafasi ya breki

Hapa ndipo mzazi anapotakiwa kuwa na msimamo. Baadhi ya vijana huona breki zinaharibu sura ya fiksi na huzing’oa. Watasema miguu inatosha, hasa wakiwa na mikanda mizuri. Haitoshi.

Baiskeli inapopunguza mwendo, uzito wa mwendeshaji huhamia mbele na gurudumu la nyuma hubaki jepesi. Miguu hufanya kazi kwenye gurudumu hilo la nyuma pekee. Ukilifunga, linaburuzika, linaacha alama ya tairi kwenye lami, na baiskeli inaendelea kwenda. Breki ya mbele husimamisha kwa umbali mfupi zaidi kwa sababu inafanya kazi pale uzito ulipo.

Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1983 zinataka fiksi inayotumika barabarani iwe na breki ya mbele. Umuhimu wake ulionekana London mwaka 2016, pale mwanamke aliyekuwa akivuka barabara alipogongwa na kijana wa miaka 18 aliyekuwa akiendesha fiksi isiyo na breki hiyo. Mwanamke huyo, mama wa watoto wawili, alifariki dunia. Mwaka uliofuata kijana alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Familia mbili ziliumia kwa sababu ya kifaa ambacho fundi anakifunga kwa muda mfupi.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu pedeli, breki ya mbele iwepo na ifanye kazi, na helmeti iwe kichwani ikiwa imefungwa kidevuni.

Majeraha na magoti

Jeraha la pedeli kwenye muundi huonekana dogo, lakini ngozi ya pale ni nyembamba na mfupa uko karibu. Lioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, libanwe kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, kisha lifunikwe. Likiwa na kina, lina mchanga ndani, au damu haikomi, mtoto apelekwe kituo cha afya. Mzazi aulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa sababu watoto wengi wakubwa walichanjwa walipokuwa wadogo na hawajarudia.

Magoti nayo yanahitaji jicho la mzazi. Kuzuia baiskeli kwa miguu hubebesha goti mzigo mkubwa, na mtoto anayekua haraka huweza kupata maumivu na uvimbe chini kidogo ya kilemba cha goti. Kiti kikiwa chini mno, hali huwa mbaya zaidi. Kipimo rahisi ni hiki: akiwa ameketi na kisigino kiko juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Akihamishia sehemu pana ya unyayo kwenye pedeli, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Maumivu yakiendelea baada ya kupumzika siku kadhaa, amwone daktari, na michezo ya kuburuza tairi isimame.

Vidole vya wadogo zake

Kuna hatari moja ambayo haimpati mwendeshaji bali wadogo zake. Jumamosi, kijana ameigeuza baiskeli miguu juu uani, anasafisha mnyororo huku anazungusha pedeli kwa mkono. Mdogo wake wa miaka mitatu anakuja kuchezea.

Kwenye baiskeli ya kawaida, mkono ukiachia pedeli, mnyororo hutulia. Kwenye fiksi, gurudumu likishashika kasi huuvuta mnyororo, na kidole kikiingia kati ya mnyororo na meno ya gia kinaweza kukatika. Hata mkubwa mwenye kitambaa cha kufutia mkononi anaweza kuvutwa. Sheria ya nyumbani iwe moja: mnyororo wa fiksi unafutwa gurudumu likiwa limesimama kabisa, na watoto wadogo wakiwa mbali.

Tukirudi kwa yule mama na mkasi wake, kazi iliyobaki nyumbani kwake si kubwa. Kidonda kinapona. Jumamosi inayofuata baiskeli inakwenda kwa fundi, inafungwa breki ya mbele na pedeli bapa zenye vijino. Mikanda mipya inanunuliwa lakini inakaa kabatini kwanza. Itatoka siku ambayo kijana atazunguka uwanja mara kumi, mama akiwa amesimama pembeni, bila kuangalia miguu yake hata mara moja.